Komuni yetu ndogo imezwe na jirani? Walioko Norwe tujadili

Mama Pacha:
Habari zenu ndugu. Ninaishi visiwani, kaskazini mwa Norwe, kwenye komuni ambayo sitaitaja jina. Hatufiki watu elfu mbili. Mwezi ujao kuna mkutano wa wananchi ukumbini shuleni, kuhusu kuungana na komuni jirani yenye mji. Kwa wasioishi huku, komuni ni kama halmashauri, ila imeshika mambo mengi zaidi ya halmashauri ya kwetu: chekechea, shule ya msingi, daktari wa familia, nyumba ya wazee, zimamoto, maji, hata sisi wakimbizi kupokelewa. Mimi ni msaidizi wa wauguzi kwenye nyumba ya wazee. Waliopitia hili naomba waniambie walipata nini na walipoteza nini. Sitaki kwenda kukaa kimya.

Mpita Njia:
Dada, ungeni. Nasema nikiwa Oslo lakini nimefuatilia. Mageuzi ya kuunganisha komuni yalipoanza 2014 chini ya serikali ya Erna Solberg zilikuwa 428. Ilipofika Januari 2020 zikabaki 356. Haikuwa chuki dhidi ya vijiji. Vijana wanakwenda mjini, wazee wanabaki, na sheria inaidai Utsira yenye watu kama mia mbili kazi zile zile inazoidai Oslo yenye watu laki saba. Chukua ustawi wa watoto. Komuni ndogo ina mfanyakazi mmoja, wakizidi wawili. Mtoto akipigwa nyumbani, anayetakiwa kuchunguza anaimba kwaya moja na baba mtoto. Atachunguza nini? Kwenye komuni kubwa kuna timu, kuna mwanasheria, na kama huyu anamjua mzazi, faili anapewa mwingine.
Jambo jingine, na naomba tusikasirikiane. Sisi wageni tusilie kuliko wenye msiba. Wengi waliopelekwa kwenye hizo komuni walipomaliza programu yao ya kujifunza lugha walipanda basi wakaja mjini. Waacheni wenyeji waamue mambo ya kwao.

Mwana wa Ziwa:
Mpita Njia, idadi zako nakuachia. Nashika hilo la wenye msiba. Mimi natoka Fizi, Kongo. Nimekaa kambini Uganda miaka tisa. Siku nilipotua Norwe, saa sita usiku, walionipokea uwanja wa ndege walikuwa watu wawili wa komuni. Mmoja ameshika karatasi yenye jina langu, mwenzake ameshika koti la baridi la saizi ya mwanangu. Walijuaje saizi? Walikuwa wamesoma faili. Na kabla ya hapo serikali iliwaomba: mtapokea wangapi? Madiwani wakakaa, wakapiga kura, wakajibu. Wangeweza kusema hapana. Watu wamenipigia kura hawajaniona hata uso, halafu wewe unaniambia komuni hiyo ikifutwa nisilie?

Mpita Njia:
Umechukua sentensi moja ukaacha kumi. Nilisema wengi, sikukutaja. Na nikuulize kwa heshima: leo hii unaishi wapi?

Mwana wa Ziwa:
Drammen, mjini, karibu na Oslo.

Mpita Njia:
Basi.

Mwana wa Ziwa:
Basi nini? Nilihama mwaka wa nne, mke wangu alipopata kazi. Mtoto akioa akajenga kwake, mama yake akifa asilie? Wewe hata siku moja hukuishi kule. Unahesabu komuni kama mtu anayehesabu mbuzi wa jirani.

Dereva wa Basi:
Wazee, punguzeni moto, dada aliuliza swali. Mimi naendesha basi eneo la Harstad, kwa hiyo naweza kumpa mfano anaoweza kuutumia. Bjarkøy ilikuwa komuni ya visiwa, watu hawakufika 500. Tarehe 1 Januari 2013 iliungana na Harstad, miaka kadhaa kabla ya hayo mageuzi ya Solberg, na haikulazimishwa. Ila walikuwa na sharti: tutaungana, lakini tujengewe njia. Visiwa vyao vilikuwa vinategemea vivuko kutoka kimoja hadi kingine. Wakajengewa handaki chini ya bahari la zaidi ya kilomita 3 kati ya Bjarkøya na Grytøya, na daraja la kwenda Sandsøya. Vilifunguliwa mwishoni mwa 2018. Walingoja karibu miaka sita baada ya kuungana, lakini walipata. Nawaheshimu sana wale watu. Walijua wana kitu kimoja tu cha kuuza, saini yao, na hawakuiuza bei ya chini.
Mama Pacha, jiulize komuni yenu inadai nini kabla haijatia saini. Ikishatia, imeisha.

Mama Pacha:
Aksanti sana kaka Dereva. Hii ndiyo nilikuwa naitafuta. Kwa hiyo sasa hawapandi kivuko tena?

Dereva wa Basi:
Wanapanda. Kutoka Grytøya kuja upande wa Harstad bado ni kivuko. Njia ya kudumu inaunganisha visiwa vyenyewe.

Kijana wa Sinza:
Kwa hiyo wamejengewa handaki la mabilioni kwa ajili ya watu 500? Hiyo ndiyo shida ya nchi tajiri. Kwetu kata moja ina watu elfu thelathini na daraja ni magogo mawili.

Dereva wa Basi:
Kijana, hao watu 500 wanavua samaki wanaoliwa nje ya nchi. Na kama hujui, nembo ya mkoa mzima wa Troms, yule mnyama mwenye kichwa cha tai na mwili wa simba, imetokana na nembo ya wakuu wa zamani wa Bjarkøy. Tore Hund, anayesimuliwa kuwa miongoni mwa waliomuua mfalme Olav vitani Stiklestad mwaka 1030, kwao ni hapo. Sasa mahali pa namna hiyo utapapimia magogo mawili?

Kijana wa Sinza:
Sijadharau. Nimesema huku sisi tunakwenda upande wa pili. Mwaka 2012 tulipata mikoa mipya, Geita, Katavi, Njombe na Simiyu, na 2016 Songwe ikatoka Mbeya. Watu walicheza ngoma. Huko mnaunganisha na watu wanalia.

Mwana wa Ziwa:
Kwetu Kongo 2015 mikoa 11 ilikatwa ikawa 26. Katanga peke yake ikawa vipande vinne. Waliimba kwamba serikali inasogea karibu na mwananchi. Nenda Kalemie uwaulize kama wameiona ikipita.

Mpita Njia:
Msilinganishe visivyolingana. Kautokeino, ambayo kwa eneo ni komuni kubwa kuliko zote Norwe, ina kilomita za mraba karibu 9,700. Katavi ina zaidi ya 45,000. Kuukata mkoa wa ukubwa huo ni jambo moja, kuziunganisha komuni ambazo meya wa huku anaona taa za meya wa kule ni jambo jingine.

Mwalimu Mstaafu:
Wanangu, hamjambo. Nimefundisha huku miaka mingi, niruhusuni nirudi nyuma kidogo. Wanorwe waliandika sheria ya serikali za mitaa mwaka 1837, ikaanza kazi mwaka uliofuata. Ndiyo maana mtu wa kijijini anaiona komuni kama chombo ambacho babu wa babu yake alikishika. Baada ya vita, 1946, iliundwa kamati iliyoongozwa na Nikolai Schei. Komuni zilikuwa 744. Kufikia 1967 zilikuwa 454. Nyingi zilifutwa siku moja, Januari mosi 1964. Kwa hiyo, Mama Pacha, ukiwaona wazee wako wanatikisa vichwa, wengine wanaikumbuka ile ya kwanza.
Na la fedha, kwa sababu hakuna aliyeligusa. Komuni ndogo, zile zilizo chini ya watu 3,200, zina nyongeza yao maalumu ya ruzuku. Zikiungana, serikali haiwakatii siku hiyo hiyo. Zilizoungana 2020 zinalipwa kana kwamba hazijaungana kwa miaka 15, halafu inapunguzwa kidogo kidogo kwa miaka 5. Ikifika 2040 imekwisha. Waliotia saini wengi watakuwa wamestaafu. Muulize meya wako: hesabu za mwaka huo nani anazo?

Mpita Njia:
Shikamoo mwalimu. Hilo ni kweli, ila lina upande wa pili. Miaka 15 ni muda wa kutosha kujipanga.

Mwalimu Mstaafu:
Marahaba. Kujipanga maana yake ni kufunga shule ipi?

Bahari Kuu:
Mnasahau kwamba yote yalishafutwa. Serikali ilipobadilika 2021, zote zilizolazimishwa zilirudi zilivyokuwa. 2024 kila mtu alirudi kwao.

Fundi Chuma:
Bahari Kuu, hapana. Umechanganya mikoa na komuni. Iliyorudi kwa wingi ni mikoa: Viken ikavunjwa ikawa mitatu, Troms na Finnmark wakatengana, Vestfold na Telemark vilevile. Kwa upande wa komuni iliyorudi ni moja tu, Haram, ndiyo maana sasa ziko 357. Mimi naishi Sunnmøre, huko huko iliko Haram, na nachomelea vyuma vya meli, kwa hiyo hii haikusimuliwa, niliiona.
Haram, makao yake Brattvåg, watu elfu tisa na kitu. Ina viwanda vya vifaa vya meli, haikuwa maskini wala haikuwa inakufa. Skodje, Ørskog na Sandøy walikubali kwenda na Ålesund. Haram walikataa. Bunge likapitisha Juni 2017 kwamba waende hivyo hivyo. Januari 2020 wakawa Ålesund. Hawakunyamaza. Walidai, wakapiga kura, bunge jipya likakubali 2022, na Januari 2024 Haram ikasimama tena. Bendera zilikuwa kila nyumba. Kazini kwetu kuna Mnorwe mmoja, mtu wa maneno matatu kwa siku, siku hiyo aliongea mpaka chai ikapoa.
Mpita Njia anasema wenyeji waamue. Wenyeji waliamua. Bunge ndilo halikusikia.

Mpita Njia:
Fundi, kura ya maoni huku ni ushauri tu. Wanaoamua ni madiwani, na neno la mwisho ni la bunge. Ndivyo sheria ilivyo na kila mtu anaijua. Na Haram wenyewe wamelipa gharama ya kuungana kisha gharama ya kutengana. Hiyo fedha ingekwenda kwa wazee.

Fundi Chuma:
Aliyesababisha gharama ni aliyelazimisha. Ukimburuta mtu sokoni asikotaka, usimdai nauli ya kurudi.

Mwana wa Ziwa:
Fundi, mwandikie kwa herufi kubwa.

Mpita Njia:
Nawe bado uko hapo.

Mwana wa Ziwa:
Nipo na nitakuwepo. Hujaomba radhi kwa neno lako.

Mama Pacha:
Mniruhusu niseme juu ya hili la wageni, maana linazunguka kila ukurasa na mimi ndiye niliyeanzisha mada. Kaka Mpita Njia, mimi sikuondoka. Huu ni mwaka wa tisa. Nilipomaliza programu wenzangu wanne walihama, mimi nikabaki na watoto wawili na giza la Desemba. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi jembe ninalo. Ninawaogesha baba na mama za watu hawa. Mtu wa mwisho aliyekufa zamu ya usiku alikuwa amenishika mkono mimi, mwanawe alikuwa anangoja kivuko.
Na kura yangu ya kwanza maishani niliipiga huku. Huku mgeni akishakaa miaka mitatu anapiga kura ya komuni, hata uraia hana. Kwetu nilikimbia kabla sijawahi kupiga. Nilipiga ukumbini hapo shuleni, aliyenipa karatasi nilikuwa namfahamu kwa jina. Ndiyo maana nauliza. Sikuja kulia msiba wa mtu.

Mpita Njia:
Mama Pacha, wewe nakuomba radhi. Maneno yangu hayakukustahili.

Mwana wa Ziwa:
Na mimi?

Mpita Njia:
Wewe bado tunazungumza.

Jirani wa Bandari:
Nimesoma kuanzia juu mpaka hapa, na hakuna hata mmoja aliyemjibu Mpita Njia kuhusu ustawi wa watoto. Mmeshika msiba, mmeshika Katavi, mmeshika mnyama wa nembo. Hilo ndilo zito na mmelipita kama mtu anavyopita deni.
Niliishi kwenye komuni ndogo, sitaitaja. Mwalimu wa mwanangu aliona alama mguuni akatoa taarifa, na alikuwa na haki ya kutoa. Mtoto alianguka na baiskeli, iliisha vizuri. Lakini aliyekuja kunihoji alikuwa dada wa mwenye nyumba wangu. Siku ya tatu niko dukani, muuza duka ananipa pole kwa macho. Sikuwa nimemwambia mtu. Miezi mitano nilikuwa nanunua maziwa kijiji cha pili. Kwa hiyo wanaosema komuni ndogo ni nzuri kwa kuwa kila mtu anakujua, wajue kwamba kujulikana nako kunaweza kumchoma mtu. Mimi ningepiga kura ya kuungana asubuhi na mapema.

Mwana wa Ziwa:
Dada pole sana. Hili sikuliwaza. Wale walionipokea walisoma faili langu nikafurahi. Sikuwaza kwamba faili hilo hilo linaweza kusomwa vibaya.

Mwalimu Mstaafu:
Jirani, pole. Lakini kwa hilo moja hailazimu kuifuta komuni. Komuni nyingi ndogo zinashirikiana na majirani kwenye ustawi wa watoto, zimamoto na taka, kila moja ikabaki na meya wake na shule zake. Ofisi inakaa kwa jirani, mfanyakazi hakufahamu, wewe unabaki kwenu.

Mpita Njia:
Mwalimu, ushirikiano huo una kasoro yake. Mambo yakiharibika mwananchi anamlaumu nani? Diwani wake anasema ofisi iko kwa jirani, jirani anasema huyu si mpiga kura wangu. Bora tuwe komuni moja, tuwe na mlango mmoja wa kugonga.

Mwalimu Mstaafu:
Mlango mmoja, ndiyo. Ulio kilomita tisini, ng'ambo ya bahari.

Binti wa Pwani:
Mimi niko karibu na Stavanger. Ongezeni na Forsand. Watu kama 1,200, ila mabwawa ya umeme wa maji yaliwatajirisha. 2020 wakaingia Sandnes, mji mkubwa kwao mara nyingi. Na upande wa kaskazini wa Lysefjord, kule kwenye jabali la Preikestolen ambako watalii wanakwenda kupiga picha, wakapewa Strand. Yaani waligawanywa wakaingia komuni mbili kwa mara moja. Nina rafiki wa kazini ambaye amezaliwa huko. Akiulizwa kwao anajibu Forsand, hajawahi kujibu Sandnes. Sijui dada kama komuni yenu ina umeme au samaki, lakini kama ipo mali, ulizeni mapato yake yatakwenda wapi.

Kijana wa Sinza:
Na kwenye lugha je? Nilisikia kuna Wasami, wale wenyeji wa asili wa kaskazini, waligawanywa.

Fundi Chuma:
Tysfjord. Huko kuna Wasami wa Lule, na lugha yao ina wasemaji wachache sana. Komuni ilikatwa 2020, upande mmoja, wenye kijiji cha Drag, ukaenda komuni ya Hamarøy, upande mwingine Narvik. Waliokuwa komuni moja wakajikuta mbili. Katika mageuzi yote hilo ndilo linaloniuma kuliko Haram. Haram walikuwa na nguvu ya kurudi.

Mama Pacha:
Ndugu, nawashukuru, hata mliogombana. Nimeandika maswali matano kwenye karatasi: sharti letu ni lipi kabla ya saini, hesabu za ruzuku ikianza kupungua, mapato ya samaki, shule, na la Jirani kuhusu siri za watu. Kama nimesahau niambieni, mkutano ni Jumatano.

Dereva wa Basi:
Kivuko usikiweke kwa meya. Vivuko vya barabara za mkoa ni vya mkoa, atakwambia si yeye na atakuwa sahihi. Uliza hivi: zamu ya usiku ya nyumba ya wazee itapangwa na nani, aliyeko kisiwani au aliyeko mjini? Maana kivuko cha mwisho kikiondoka, wa mjini hafiki.

Mpita Njia:
La watoto usiliache la mwisho, watu watakuwa wamechoka. Liulize la kwanza.

Mwana wa Ziwa:
Hapo nakubaliana naye. Kwa hapo tu.

Mama Pacha:
Nitaliuliza la kwanza. Nilipowasomea karatasi wakati wa kahawa, mzee wa chumba namba nne, miaka tisini na mbili, akaniambia nimsukume kwenye kiti chake twende wote. Komuni aliyozaliwa ilifutwa 1964, mwalimu alisema kweli. Anasema siku ile hakuulizwa. Amenipa suti yake niipige pasi.